Misa ya Zamu Nyumbani kwa Fundi Boila

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari hili ni la kuandikia boila nilizozihudumia, yaani matanuru ya mafuta ya kupasha nyumba joto. Kurasa mia mbili. Mwaka huu nimejaza kumi na moja. Zilizobaki nitaandikia mambo yangu, kuliko zikae bure.

Habari kubwa kwanza. Jana baada ya Misa, Padri Eunan alitangaza kwamba boila ya kanisa, ya nyumba yake na ya shule zitashikwa na fundi mmoja kuanzia Novemba. Mmoja! Na parokia yetu ya Drumalosky ina mafundi wawili tu. Wa kwanza ni mimi, Malachy Treanor, mwaka wa thelathini na moja kazini. Wa pili ni Dympna McEntee, anayekaa mashamba matatu kutoka kwangu. Nilimfundisha mwenyewe kushika spana. Kisha akaenda kusoma kozi, akarudi na gari lenye jina lake ubavuni na mashine ya kupima moshi.

Mashine hiyo ndiyo inayonimaliza. Anachomeka mrija wake kwenye bomba la moshi, inawaza kidogo, kisha inatema kikaratasi cha tarakimu. Watu wanakibandika kwenye friji kama cheti cha ubatizo. Mimi sina kikaratasi. Mimi natega sikio, nasikiliza moto unavyonguruma, nachungulia rangi yake kidirishani, nakaza skrubu robo duru, nanywa chai, naondoka. Miaka thelathini watu wameota joto kwa sikio langu na hakuna aliyedai risiti.

Lakini Mungu si Athumani. Zamu ya Misa ya nyumbani imetuangukia sisi! Kitongoji chetu kina nyumba kumi na mbili, Misa hufanyika mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kila nyumba hungoja miaka sita. Na sasa ni yetu, Alhamisi ya tarehe 17, saa nne asubuhi. Padri Eunan atakuwa sebuleni kwangu. Na Padri Eunan ni mtu wa baridi, huvaa sweta mbili mwezi Julai. Akivua hata moja nyumbani kwangu, kazi ni yangu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nyumba nzima inapakwa rangi. Ndiyo desturi: Padri akija, hata dari ya stoo lazima ing'ae. Mke wangu Attracta yuko juu ya ngazi tangu saa moja, kitambaa kichwani, brashi mkononi. Kaniuliza kutoka huko juu kama boila yetu imehudumiwa. Nikasema imehudumiwa. Akauliza lini. Nikasema akasome stika.

Stika ipo, inasema Septemba, na sahihi ni yangu. Kila Septemba nabandika mpya. Hapa kwenye daftari naweza kusema ukweli: mara ya mwisho kuifungua boila ile ilikuwa zamu yetu iliyopita ya Misa. Miaka sita. Mtu ashinde siku nzima magotini mbele ya boila za watu, kisha arudi nyumbani akapige magoti tena? Hapana.

Boila yenyewe iko kwenye chumba kidogo nyuma ya jikoni. Nje ya mlango wake ndipo mama mkwe wangu, Mama Philomena, ameweka kiti chake. Ana miaka themanini na minane na masikio ya paka. Anashinda pale kwenye uvuguvugu na rozari yake, na redio inayosoma matangazo ya vifo. Leo kaniambia kwamba boila inakohoa. Nimemwambia boila hazikohoi. Kasema marehemu mume wake naye alikuwa akisema hivyo hivyo kuhusu kifua chake.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mpango mdogo wa kumtilia Dympna mchanga kwenye kitumbua. Haukwenda vizuri.

Leo kulikuwa na maziko ya shangazi yake Packie Sherry. Packie ni jirani yangu, mtu mwema, ila neno likiingia sikioni mwake halilali humo. Kwa hiyo nilimsogelea langoni mwa kanisa, nikampa pole, kisha nikamnong'oneza kwa siri kwamba nasikia mashine ya Dympna ilitengenezwa kwa ajili ya mafuta ya ng'ambo, na tarakimu zake hazipatani na unyevu wa hapa Monaghan. Nikamwomba asimwambie mtu.

Packie alitembea na habari hiyo kutoka langoni hadi kaburini, hatua mia mbili hivi. Jeneza linateremshwa, habari ikanirudia kutoka upande wa pili. Sasa ilikuwa hivi: Malachy Treanor amenunua mashine mpya ya kigeni, kali kuliko ya Dympna. Kwenye chai ya msiba watu watatu waliniomba vikaratasi. Ningefanyaje? Niliwaambia viko njiani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimetatua suala la vikaratasi. Attracta ana mashine ya kujumlishia hesabu yenye karatasi ya kujiviringisha, aliyopewa alipostaafu posta. Unabonyeza, inachapa. Nimeichukua kimyakimya.

Wa kwanza alikuwa Packie. Nilimhudumia boila yake kwa sikio, kama siku zote, kisha nikajifungia na mashine kwenye gari na kutoka na kikaratasi. Tisini na tisa. Packie alikibusu! Alikuwa na cha Dympna cha mwaka jana kilichosema tisini na moja, akakitoa kwenye friji akabandika changu.

Saa tisa nilikutana na Dympna kwenye duka la ushirika, mbele ya foleni ya mkate. Habari ilikuwa imeshamfikia. Dympna hana hasira, na hilo ndilo linaloudhi. Alicheka na kusema, “Mwalimu, boila ikitunza asilimia tisini na tisa ya joto, moshi wake si utatoka wa baridi? Na moshi wa baridi unapandaje bombani?”

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Nilisema boila ya Packie ni ya aina yake. Nikaondoka bila mkate, na Attracta akanituma tena.

Jumapili, 13 Oktoba

Leo ni leo. Attracta na mama yake walikwenda Misa ya pili, nikabaki na boila yangu. Nikafungua mlango wake wa mbele.

Masizi! Njia za moshi zimeziba nusu, weusi mnene kama keki ya Krismasi. Nilitafuta brashi ndefu ya kusugulia. Nikakumbuka kwamba Attracta ameichukua kupakia rangi nyuma ya bomba la bafuni, na sasa ni nyeupe na ngumu kama fimbo. Nikasimama nikafikiri. Padri haji kutazama tumbo la boila, anakuja kuota joto. Nikafunga mlango.

Badala yake nimefanya jambo la akili. Nimetoa ile nozeli, yaani kile kijitundu kinachorusha mafuta motoni, nikaweka kubwa zaidi. Mafuta mengi, moto mkubwa. Kisha nikapandisha nguvu ya pampu kidogo. Kisha tena kidogo. Kuwasha, ikanguruma kama trekta ya Packie inapopanda kilima! Nilichungulia moto kidirishani. Rangi ya chungwa, na ncha nyeusi nyeusi. Mwanafunzi angesema unalilia hewa. Sikio langu linasema uko sawa, na mimi huamini sikio.

Walipofika nyumbani, Mama Philomena alivua shali. Mama Philomena! Sijamwona bila shali tangu harusi yetu. Nilikula chakula cha mchana kwa raha zangu, nyama ya kuchoma na viazi vya aina mbili.

Jambo moja tu dogo. Ile kengele ya gesi ya sumu iliyoko ukutani jikoni ilianza kulia tik kila dakika, ya kuomba betri. Attracta kasema haiwezi kulia hivyo wakati wa Misa. Nimeitoa nikaiweka kwenye droo, chini ya taulo za jikoni. Betri nitanunua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Rangi imekwisha, na sasa Attracta anaona kasoro ambazo zamani hazikuwepo. Leo kaona tundu la hewa.

Liko kwenye ukuta wa chumba cha boila, ukubwa wa sahani, na limetobolewa moja kwa moja hadi nje. Wakati wa chai ule mlango utakuwa wazi, maana ndipo tunapopanga vikombe vya akiba, na kila mgeni ataliona. Tena linapitisha upepo wa kukata shingo. Akaniuliza kama haliwezi kufichwa siku mbili tatu.

Nieleweke. Mimi tundu la hewa nalijua. Nimewaambia watu wa wilaya hii miaka thelathini: usizibe, moto nao unapumua. Nilikuwa nimefungua kinywa kusema hivyo hivyo. Lakini Mama Philomena alikuwa ameshainuka, akaenda chumbani kwake, akarudi ameikumbatia picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyotoka kwa mama yake, fremu ya mwaloni na kioo. Akasema hapo ndipo mahali pake. Attracta akanipa msumari.

Imekaa kama iliyopimwa. Nilijiambia fremu haigusi ukuta pande zote, hewa itapenya pembeni. Na nilijiambia nitaiteremsha Alhamisi alfajiri. Kabla sijashuka kwenye kiti, Mama Philomena akawa ameinyunyizia maji ya baraka ya kutoka Knock, kule kwenye hija ya Bikira Maria. Basi. Picha iliyobarikiwa kwa ajili ya Misa haiteremshwi kabla Padri hajaiona. Nani atathubutu? Mimi siwezi.

Mama Philomena kachukua vidonge viwili vya kichwa baada ya chai. Nimemwambia ni harufu ya rangi.

Jumatano, 16 Oktoba

Kesho! Nyumba inang'aa. Soseji mia moja na ishirini kwenye friji. Mikate ya magadi soda minane, keki mbili, vyombo vya kaure vya harusi vimeshuka kabatini. Meza ya altare imewekwa sebuleni, na juu yake shuka nyeupe iliyopigwa pasi mara tatu.

Tatizo la asubuhi: upepo uligeuka, ukawa unasukuma picha kutoka nyuma. Tok, tok, tok ukutani. Mama Philomena kasema Moyo unadunda, na kwamba ni ishara kwa mtu fulani ndani ya nyumba hii. Alikuwa akinitazama mimi. Nikasubiri ainuke kwenda kwa kuku wake, nikaiteremsha picha haraka (nikijiombea), nikasindilia jezi yangu ya zamani ya timu ya Monaghan ndani ya tundu, nikairudisha. Kimya. Kimya kizuri ajabu.

Joto sasa ni la kuivisha mkate mezani. Nilitaka kufungua dirisha la jikoni kidogo. Halifunguki, rangi imeyagandisha madirisha yote. Vizuri, joto litabaki ndani.

Mama Philomena alisinzia saa tano, redio ikisoma vifo. Hajawahi kukosa vifo hata siku alipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Alipoamka kichwa kilimgonga tena, akatoka kwa kuku, akarudi yuko vizuri. Nikamwambia Attracta: unaona, ni rangi, hewa ya nje imemfaa. Paka naye amekataa kuingia jikoni tangu jana. Paka yule amedekezwa.

Attracta aliniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama boila iko salama. Nilimwelekeza kwenye stika.

Alhamisi, 17 Oktoba

 Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne kasoro watu walikuwa wamejaa sebuleni, kwenye ngazi, jikoni. Ishirini na sita niliwahesabu. Kila mtu aliingia akisema, Mungu wangu, Malachy, hapa ni Hispania! Packie alijifunua kifua. Dympna alikuja na gauni lake la buluu, ila mkanda wake wa kazi uko palepale kiunoni. Alikuwa anatoka kwa mgonjwa mmoja ambaye boila yake ilizimika usiku. Akasimama mlango wa jikoni, karibu na kiti cha Mama Philomena.

Padri Eunan alipofika alivua sweta ya kwanza. Nilijizuia kupiga makofi. Kabla ya somo la kwanza akavua ya pili! Nikamtazama Dympna. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama ukuta wa jikoni, pale kwenye alama ya msumari palipokuwa na kengele.

Mahubiri yakaanza. Watu wakaanza kupiga miayo, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikadhani ni mahubiri. Mimi mwenyewe miguu ilikuwa mizito na kichwa kinavuma, nikadhani ni furaha. Ndipo kiunoni mwa Dympna kitu kikaanza kulia kwa sauti kali. Attracta alimkaripia kwa kunong'ona azime simu. Dympna alikivua mkandani, kumbe ni kipima gesi ya sumu, akasoma kioo chake kidogo, kisha akasema, si kwa kelele:

“Samahani, Padri. Naomba kila mtu atoke nje sasa hivi. Msichukue makoti.”

Nilishasikia watu wakibishana na maaskofu. Hakuna aliyebishana na sauti ile. Padri alishika kalisi yake kwa mikono miwili akatoka wa mwisho kutoka sebuleni. Dympna alijaribu dirisha, halikufunguka, akalivunja kwa kinara cha shaba cha altare. Kisha akaniita.

Mama Philomena alikuwa kwenye kiti chake, kidevu kifuani, rozari imemponyoka. Tulimbeba na kiti chake, Dympna mbele na mimi nyuma. Alikuwa mlegevu, kichwa kinakwenda huku na huku kwenye mkono wangu. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe. Nilikuwa nikisema, Mama, Mama, Mama, na sikujua kama nasema kwa sauti.

Tulimweka uani, mvua ikinyesha. Attracta alipiga magoti kwenye matope na gauni lake jipya, akimsugua mikono. Ilipita dakika, ndefu. Kisha Mama Philomena akafumbua jicho moja. Akauliza kama amekufa. Attracta akamwambia hapana, Mama. Akauliza basi kwa nini redio imezimwa.

Gari la wagonjwa likaja, wakampa hewa ya oksijeni, wakamchukua kumpima, Attracta akaenda naye. Sisi wengine tuliingia kwenye banda la Packie la majani makavu, na Padri Eunan akamalizia Misa juu ya marobota, sweta zote mbili zikiwa ndani ya nyumba, meno yanagongana. Ng'ombe wa Packie walisikiliza vizuri kuliko mahubiri yote ya mwaka huu.

Dympna alikuwa ameizima boila. Nyumba ilipokwisha kuachwa wazi ikapoa na kupitisha hewa, aliingia, nami nikamfuata. Aliitazama picha. Alifanya ishara ya msalaba, akaiteremsha kwa heshima, akaiegemeza. Kisha akaingiza mkono kwenye tundu na kutoa jezi yangu, taratibu, mkono wa kwanza, mkono wa pili. Ilikuwa na jina langu kwenye kola. Nilisubiri anitukane, na ningefurahi sana.

“Mwalimu,” alisema, “hili la tundu la hewa nilifundishwa na wewe.”

Akaikunja jezi vizuri akanikabidhi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mama Philomena yuko sawa. Daktari kasema damu imesafishika, arudi nyumbani Jumapili. Amelalamikia chai ya hospitali, kwa hiyo tumeamini.

Padri Eunan alikuja mwenyewe, na sweta tatu. Alikataa chai, akakataa tena, mara ya tatu akakubali. Aliniambia kwa upole kwamba boila za parokia atazishika Dympna. Kisha akasema hajawahi kuongoza Misa ambayo watu watakumbuka muda mrefu hivyo. 

Dympna alikuwa hapa tangu asubuhi. Ametoa ndoo mbili za masizi kwenye tumbo la boila yangu. Ametoa nozeli yangu kubwa, akaishika kwenye mwanga, akaiweka mfukoni kama mwalimu anayenyang'anya manati. Ameweka ya kipimo, akashusha pampu, akachomeka mashine yake, akafungua hewa kidogo kidogo hadi tarakimu zikatulia. Tisini na mbili. Alipomaliza, kila skrubu ya kurekebishia aliitia tone la rangi nyekundu, ili ikiguswa ionekane. Sikuuliza iguswe na nani. Ameacha kengele mpya pia, ya betri ya miaka kumi.

Attracta alikibandika kikaratasi kwenye friji. Stika zangu sita amezibandua moja moja, akaziweka mbele yangu mezani, akakaa.

“Nilikuuliza mara tatu, Malachy. Ile ya mwisho nilikuuliza nikiwa nakuamini. Mama angelala pale kitini asiamke, na mimi ningekuwa napika soseji. Ukigusa tena ile boila, hata kwa kidole, utakwenda kukaa na ng'ombe wa Packie.”

Aliongea bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, nyuma ya tangi la mafuta, ambako hakuna anayeona isipokuwa Packie. Nimeapa. Nimeapa mbele ya ile picha, ambayo sasa iko chumbani kwa Mama, mahali ambapo upepo hauisumbui. Na niliapa kwa moyo wote, Mungu ni shahidi.

Jumapili, 20 Oktoba

Mama Philomena karudi! Kiti chake kimehamishiwa upande wa dirisha. Ameomba kengele mpya iwe karibu naye, ameifunga kwenye uzi, anaivaa shingoni pamoja na medali zake. Kila ninapopita karibu anaielekeza kwangu kama anayenipima.

Kaniambia hanilaumu, kwa sababu mume wake naye alikuwa mpumbavu, na waliishi vizuri miaka arobaini na mitatu. Nikamshika mkono. Akaniacha niushike kama dakika nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kitongoji kizima kinasema haijapata kutokea Misa ya zamu kama hii. Packie anasimulia kwamba yeye ndiye aliyevunja dirisha. Kikaratasi changu cha tisini na tisa amekitoa kwenye friji, amerudisha cha Dympna. Kesho Dympna anakwenda kwake kuipima upya boila niliyoihudumia. Nilimwambia ni wazo zuri, na ni kweli ni zuri.

Mimi ni mtu mwingine sasa. Attracta kaliona hilo, leo kanipa kipande cha pili cha keki.

Jumatano, 23 Oktoba

Nyumba ina joto zuri, sawa kila chumba. Mafuta yanatumika kidogo. Paka amerudi jikoni. Sina la kulalamikia.

Ila boila iko kimya mno. Asubuhi Attracta akiwa kwa kuku nilitega sikio mlangoni, kutega tu, kutega si kugusa. Moto ni mwembamba. Unanong'ona. Boila yenye afya huzungumza. Na tisini na mbili ni tarakimu nzuri, simwonei wivu mtu, lakini sikio langu linaniambia iko tisini na nne mle ndani inasubiri mtu wa kuitoa. Robo duru ya skrubu ya hewa. Tundu liko wazi, masizi yametoka, kengele iko shingoni mwa Mama. Hatari gani hapo? Na Dympna akija mwakani na mashine yake, akaona tisini na nne, itabidi aniite mwalimu kwa dhati mbele ya foleni nzima ya mkate.

Kuna suala la lile tone jekundu. Likikatika, atajua. Lakini leo nikitafuta nyembe bafuni nimeiona chupa ya Attracta ya rangi ya kucha, rafu ya pili, wekundu uleule kabisa. Ijumaa yeye na Mama wanakwenda bingo kuanzia saa nane.

Inakauka kwa dakika tatu. Nimeijaribu kwenye kucha ya dole gumba, na sasa haitoki hata kwa mafuta ya taa. Attracta kaniuliza kwenye chai kwa nini nakula na glovu.